Mfasiri wa Katuni wa Kibokoni Aliyejinyanyulia Kandambili

Saa tisa kasorobo alasiri, Ijumaa. Nasiha Jamaldin anateremsha pazia jeusi dirishani, anapuliza kipaza sauti mara mbili, kisha anatupa jicho kwenye benchi la mbele. Nafasi iliyo karibu na ukuta iko wazi.

"Lamis hajaja?" anauliza.

"Bado, dada," anamjibu Joab, karani wa bandarini anayetoka Makupa kila Ijumaa kwa ajili ya chumba hiki. "Tumpe dakika kumi."

Chumba chenyewe kiko Kibokoni, Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ngome ya Yesu. Humu ndimo Nasiha, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, amekuwa akitafsiri katuni za Kijapani papo kwa papo kwa miaka tisa. Husoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha, na kinywani mwake hutoka Kiswahili cha Mvita. Kiingilio ni shilingi hamsini, na Ijumaa njema huleta watu arubaini.

Usidhani ni watoto. Ni makarani, mafundi, wauza viungo, na kina mama waliokuja kuchungulia tu wakanasa. Wote wanafuata *Kengele Saba*, katuni ya miaka ishirini na mitatu ambayo mpaka leo haijaisha. Ni hadithi ya mkongwe mmoja, Nyanya Oruhi, na wanafunzi wake wanaolinda kijiji chao kwa milio ya kengele.

Chumba kina desturi yake. Asiyeridhika na mwendo wa hadithi huvua kandambili na kuinyanyua juu. Hapo Nasiha husimamisha picha, na mjadala huanza.

"Kuna kipande cha dakika ishirini tulikimaliza kwa saa mbili," anasema akicheka. "Watu hawa wana midomo, wallahi!"

Mjadala wa mwezi uliopita, hata hivyo, haukumchekesha.

Miaka mitatu iliyopita Nyanya Oruhi alikufa akizuia lango la kijiji lisivunjwe. Chumba kizima kililia. Joab, baba wa watoto wanne, alitoka nje akijifanya anapokea simu. Sasa mwezi uliopita, lahaula, waandishi wakamrudisha! Mkongwe akatoka kwenye ukungu akitembea, hana hata mkwaruzo.

Watazamaji waligawanyika papo hapo.

"Mimi nilifurahi," anasema Joab. "Nani hataki wake warudi? Waandishi walituhurumia."

Lamis hakuyataka hayo. Ni fundi wa kushona mabuibui, na hakuna anayeikumbuka hadithi hii kama yeye. Kandambili yake ilikuwa juu kabla ukungu haujatawanyika.

"Hii si huruma, ni dhihaka!" alifoka. "Kifo kimekuwa safari ya Malindi, mtu yuwaenda asubuhi, jioni yuwarudi? Na Nyanya mwenyewe alituaga. Alisema, 'Msikae mlangoni kuningoja. Fungeni, mlale.' Vipi leo abishe hodi? Waandishi wamesahau maneno yao wenyewe!"

Nusu ya chumba ilipiga makofi. Nasiha peke yake alijua kwamba waandishi hawakusahau kitu. Hawakuyaandika maneno yale kamwe. Katika katuni yao, Nyanya Oruhi alikufa kimya.

Yalikuwa maneno ya mamake, Bi Mwanakuu, mpishi wa arusi. Kila alipochelewa kurudi kutoka arusini alimkuta Nasiha ameketi kizingitini akimngoja. Alipolazwa hospitalini, hayo ndiyo aliyomwambia mara ya mwisho. Alizikwa miezi miwili kabla ya kipande kile kuonyeshwa.

"Nilipoona yule nyanya afa kimya, kinywa kilifunguka chenyewe," anasimulia. "Lile sikulikusudia. Lakini nilinyamaza miaka mitatu, na huko kunyamaza nilikukusudia."

Angeweza kuendelea kunyamaza. Wajapani wako mbali, lawama isingewafika. Badala yake akavua kandambili yake mwenyewe, akainyanyua. Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha, mpaka alipowaambia yote.

Wa kwanza kunyanyua kandambili baada yake alikuwa Joab. "Na mengine uliyotuongezea ni yapi, dada?"

"Swali lile lilinichoma," anakiri Nasiha. "Mimi ndimi masikio yao. Wakinishuku neno moja, watashuku ya miaka tisa."

Lamis alivaa kandambili zake, akatoka. Ijumaa iliyofuata walikuja watu kumi na mmoja. Iliyofuata tena, tisa.

Leo, dakika kumi za Joab zinapokwisha, pazia la mlangoni linasogea. Ni Lamis. Anasimama pale pale, haketi.

"Babangu alikwenda Uarabuni nikiwa mdogo, habari zake zikakatika," anasema. "Mamangu alimngoja miaka kumi na sita. Maneno yale ndiyo niliyomwambia, na usiku ule akafunga mlango, akalala. Kwa hivyo n'ambie kweli, da Nasiha. Mamako aliyasema, au nayo uliyatunga?"

"Aliyasema. Nilikuwa nimemshika mkono."

Lamis anapangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Basi ni bora maneno yake kuliko kimya cha Wajapani. Lakini kuanzia leo, ukitaka kuongeza lako, nyanyua kandambili kwanza. Tujue ni wewe."

Kisha anaketi karibu na ukuta.

Watengenezaji wa *Kengele Saba* wametangaza kwamba hadithi itaisha mwakani. Nasiha ana ombi moja kwa Mungu: ifike siku hiyo mabenchi yote yakiwa yamejaa, naye awe ndiye anayeitafsiri.

"Na Nyanya Oruhi akifa tena?" anauliza Joab.

"Akifa kimya, nitanyamaza naye mpaka picha iishe," anajibu Nasiha. Anaivua kandambili yake ya kulia na kuiweka mezani, kando ya kipaza sauti. "Halafu nitanyanyua hii, niwaambie mufunge mlango, mukalale."