Kichwa cha Printa Kilichonyweshwa Wino wa Mhuri

Saa nne kasoro asubuhi. Fundi Matone amepiga magoti jikoni kwake, mkononi ana bomba la sindano lenye mrija mwembamba. Mbele yake, juu ya tishu, kimekaa kichwa cha printa ya shule, kile kipande kinachorusha wino kwenye karatasi, kidogo kama kiberiti. Hakitoi hata tone.

Saa nane mchana wanafunzi sitini na wawili wanaanza mtihani. Karatasi hazijachapwa. Shule ina printa moja, na kichwa cha aina hiyo madukani hakipo tena.

"Dada, kitapona?" anauliza karani wa shule, amejibanza mlangoni.

"Kwanza niambie kimekula nini."

Karani anasema wino uliisha jana, akajaza mwenyewe.

"Wino gani?"

"Wa kawaida."

Fundi anasukuma maji taratibu. Kwenye tishu linatokea doa la zambarau, zito, linanata. Analinusa.

"Kaka, huu ni wino wa mhuri."

"Si wino ni wino tu?"

"Na mafuta ya taa ni mafuta. Mbona hukaangii mayai?"

Mama mkwe wa Fundi, anayechambua mboga mezani, anaangua kicheko. "Mwanangu, mwache. Akizimia hapa tutamlaza wapi?"

Fundi Matone, mama wa watoto wawili, alikuwa mchapaji wa ofisi iliyofungwa miaka sita iliyopita. Aliondoka na printa mbovu iliyokuwa ikitupwa, akajifunza kwa kuharibu.

"Kichwa cha kwanza nilikiua kwa maji ya moto," anasema. "Nilidhani yakichemka ndiyo yanasafisha zaidi. Gundi ikaachia, kwisha habari."

Hadi leo, katika kila vichwa kumi, vinne havifufuki. Humwambia mteja hivyo kabla ya kugusa kitu. Leo, kwa haraka, amesahau.

"Kikifa sasa, kimefia mikononi mwangu," anasema bila kuinua uso.

Saa tano na nusu anakiloweka mara ya pili katika maji vuguvugu. Simu ya karani inaita. Ni mwalimu mkuu. Karani anaitazama tu.

"Pokea. Na umwambie ukweli, mimi sibebi mzigo wa mtu."

Karani anapokea. "Mwalimu, mimi ndiye niliyeiharibu." Anasikiliza, kisha anashusha simu. "Amesema nirudi na printa inayochapa, au nisirudi."

Jikoni hakuna anayecheka tena. Fundi hawezi kuongeza nguvu. Akisukuma zaidi, kichwa kitapasuka ndani. Anasukuma, anasubiri, anafuta. Zambarau inafifia. Saa saba kasoro, maji yanatoka meupe.

Anakikausha, anakirudisha kwenye printa aliyokuja nayo karani, pamoja na wino wake halali, anachapa ukurasa wa majaribio. Mistari imekatika. Anachapa tena. Imetimia yote, isipokuwa mmoja.

"Herufi zitakuwa na kovu," anasema, "lakini zitasomeka. Kimbia!"

Saa nane kasoro dakika tano karani anapiga simu: karatasi ya mwisho imetoka.

Fundi Matone anakaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mpango wake, anamweleza karani simuni, ni kukodi chumba na kuwafundisha makarani kujaza wino, siku moja kila mwezi. "Nusu ya vichwa ninavyozika," anasema, "viliuawa na mtu aliyetaka kusaidia."

"Dada, niandikishe wa kwanza," karani anasema.

"Wewe hukai na wanafunzi. Utasimama mbele, uwasimulie mwenyewe."