Fimbo ya Mzee Gakunzi Bwawani

"Hii fimbo imepiga chui, imepiga mwizi, imepiga askari mlevi. Haiyapigaka hata siku moja mtu mwenye hana kosa, wala nyama wa miguu mine mwenye hana kosa. Siku itapiga mwenye hana kosa, mtoto wangu asiipokee!"

Mzee Gakunzi aliyasema hayo kwenye maikrofoni, kanisani Beechmont, Louisville, Jumapili moja ya Mei 2015. Mchungaji alikuwa amemwita atangaze tu harusi ya mwanawe Theogene, iliyokuwa ifungwe Jumamosi inayofuata kule Columbus. Dakika moja aliyopewa akaigeuza ibada ya pili. Akainua fimbo, akatuzungusha nayo milima yote ya Kivu ya Kusini, akaigonga sakafuni, na akina mama wa kwaya wakapiga vigelegele.

Fimbo hiyo alipewa na baba yake siku alipooa. Theogene naye angepewa siku yake. Familia nyingine hurithishana mashamba. Wao, vita vilipomaliza kuchagua, vilikuwa vimewaachia mti mmoja.

Habari za chui siwezi kuzithibitisha, maana mashahidi wote walikuwa ng'ombe. Ila askari namwamini. Hadithi ikifika kwa askari, Mama Rakeli, mke wa Mzee, huacha kazi anayoifanya na kutazama mikono yake. Yule askari alikuwa anamburuta kwa nywele kuelekea kichakani. Gakunzi alimpiga pigo moja nyuma ya sikio. Askari alilala juu ya bunduki yake mwenyewe, na familia ikakimbia bila hata sufuria.

Uwanja wa ndege walitaka kumnyang'anya fimbo. Mzee akaanza kuchechemea, wakamhurumia. Alichechemea kutoka Bujumbura mpaka Buffalo, na kwenye ndege akapewa kiti cha mbele.

Buffalo ndiko daktari alikomkuta na sukari. "Utembee kila siku," akaambiwa, "la sivyo mguu huo tutakuja kuukata." Wengine wangezunguka mtaani. Mzee ni mchungaji wa ng'ombe. "Nitembee niende wapi, kama hakuna maji mbele?" Ndivyo alivyoanza mambo yake ya kuzunguka maziwa. Kipupwe chake cha kwanza, kwenye ziwa dogo la bustani, vijana wawili walimrukia wakitaka simu. Mmoja alivunjika kifundo cha mkono, ukasikika mlio kama wa kuni kavu. Mwingine alitema jino kwenye theluji. Simu yenyewe ilikuwa ya kukunja, kioo kimepasuka. Wangekuja kuirudisha wenyewe.

Kisha wakahamia Louisville, penye theluji kidogo na kazi ya ghalani. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimeacha chuo katikati na nilikuwa na gari, mtaa mzima wa Newburg uliamua kwamba nina muda. Kila mapumziko ya juma nilimpeleka Mzee na mkewe ziwani, kusini mwa jiji. Huko bata bukini wana tabia za wanamgambo: wanaziba njia na kudai ushuru. Siku moja dume lao kubwa lilimng'ata Mama Rakeli ugoko, likampiga bawa mpaka akakaa chini. Mzee alilizungusha fimbo shingoni, likaondoka limepinda kama bomba la sinki.

"Na huyo, Mzee? Alikuwa na kosa?"

"Amekula bibi ya watu! Ulitaka nimpeleke tribunal kwanza?"

Basi, tukafika Columbus alfajiri ya Ijumaa, kesho yake harusi. Asubuhi hiyo hiyo Mzee akataka maji. Theogene na mimi tukampeleka kwenye bwawa moja kaskazini mwa jiji, kubwa, lenye njia ya kutembea ukingoni na majani yaliyokatwa vizuri kuliko kichwa changu.

"Kesho hii ni yako," Mzee akamwambia Theogene. "Nitasikia umeitundikia taulo."

"Baba, nitaiweka salon, pale wageni wanakaa, watu waione."

"Salon! Donc umeona ni picha?"

Wakacheka. Ndipo tukamwona mbwa. Alikuwa wa kahawia, mkubwa, hana kamba, ametoka kwenye miti anakuja mbio, mdomo wazi, macho yake yote mawili kwenye fimbo.

"Mukuye nyuma yangu!" Mzee akapiga kelele, akainua fimbo juu.

Mbwa akaruka juu zaidi.

Pigo la kwanza lilimpata kwenye paji. Alianguka, akajifuta kwa makucha kama mtu aliyemwagiwa maji, akaruka tena. La pili lilitua kwenye jicho. Hapo ndipo alipouma. Aliushika mkono wa Mzee juu kidogo ya kifundo, akautikisa kama kitambaa, na shati jeupe likawa jekundu mpaka kiwikoni. Theogene alikuwa anampiga mateke ya mbavu. Mimi nilikuwa natoa ushauri.

Mwenye mbwa akatokea, mzungu mwenye ukubwa wa friji, anakimbia huku analia jina la mbwa, mkononi ana mnyororo wa kumfungia. Hakuuliza. Alimchapa Mzee nao usoni, nyusi ikapasuka. Theogene akamrukia, akapokea ngumi ya pua, nikasikia pua ikikubali. Nilipoingia kuwaachanisha nilipata kiwiko cha mdomo, mpaka leo sijui cha nani. Mbwa alikuwa ameachia mkono, anazunguka anabweka, na Mzee, damu imemziba macho, akainua fimbo tena juu ya kichwa cha yule mzungu. Mnyororo ukaipiga. Ikamtoka mkononi, ikazunguka hewani, ikaanguka majini mbali.

"Fimbo yangu!"

Sote tulisikia ilivyotua. Mbwa pia alisikia. Alijitupa majini na jicho lake moja, akaogelea moja kwa moja, akaing'ata katikati, akarudi nayo. Alimpita bwana wake. Akaja mpaka kwa Mzee Gakunzi, akaiweka miguuni pake, akajikung'uta, matone ya rangi ya waridi yakaturukia wote wanne. Kisha akakaa. Mkia wake ukawa unapiga matope. Akamtazama Mzee, akangoja.

Hakuna aliyempiga mwenzake tena. Yule mzungu alikaa kwenye majani, akafunika uso, akasema maneno ya Kiingereza huku analia.

"Anasema nini?" Mzee akaniuliza.

"Anasema mbwa anataka uitupe tena. Ni mchezo wao. Wanakuja hapa, anamtupia kijiti majini, yeye anakifuata."

"Alikuwa anataka mchezo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

Polisi walikuja, wakatazama damu, wakaona kila upande una yake, na mbwa hakuwa na kamba, wakatuachia. Mzee alishonwa mkono na nyusi. Jioni yule mzungu, tuliyepeana naye namba mbele ya polisi, alinipigia simu: jicho la mbwa limetolewa. Nilipomfikishia Mzee habari hiyo, aliuliza kitu kimoja tu, kama mbwa amekula.

Asubuhi ya harusi alinigongea. "Unipeleke kwenye wanauzishaka fimbo."

Theogene alikuwa kwenye kioo, amevaa suti, pua imevimba kama kiazi kitamu. "Baba, ni mbwa!"

"Ni mwenye hana kosa."

"Hapa hakuna mtu anajua."

"Kanisa muzima walinisikia. Na weye uliniona na macho."

"Mimi nataka ile ya babu. Nimeingoja tangu mtoto. Mbwa mwenyewe alikurudishia!"

Mzee alimtazama kwa jicho moja, lile lingine lilikuwa limefungwa kwa plasta. "Ndiyo maana," akasema, akatoka kwenda kwenye gari.

Ile ya babu bado anatembea nayo, lakini haiinui. Siku hizi kule Louisville bata bukini wanampiga watakavyo, mapaja yana alama, Mama Rakeli ndiye anawafukuza kwa mkoba, na yeye anasema wacha wapige.

Ukumbini Columbus, mshereheshaji akamwita mbele. Bibi harusi, Uwineza, alikuwa amesimama kando ya pua ya mumewe, amejikaza asitazame. Mzee alitoa fimbo mpya kwa mkono wake mzima. Theogene alichelewa kidogo, watu wakaanza kunong'ona, kisha akapiga goti, akaipokea kwa mikono miwili. Ni ya aluminiamu, inakunjika mara tatu, mpini wa mpira. Kibandiko cha dukani nilisahau kukitoa.

Dola thelathini na nne na senti tisini na tisa.