Numbi wa Miezi Saba

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi hapa Kamina, mwanangu, nilipomchapa binti yangu kwa mwiko wa bukari, ugali wetu, na hadi leo mkono huu unaona haya. Numbi alikuwa na miaka minane. Nilimzaa kwa miezi saba, mdogo hata angeweza kulala ndani ya kofia ya baba yake. Mama mkwe wangu alimfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, mpaka mvua za kwanza. Mtoto akaishi, nami nikadhani kazi imekwisha.

Asubuhi hiyo nilimwambia achote maji bombani, apitie unga kwa jirani, kisha ampelekee baba yake chakula kwenye karakana ya reli. Alirudi na ndoo tupu, akiimba. Unga hakuukumbuka kabisa. Chakula alikiacha bombani, mbwa wakakila. Nikamfikiria mume wangu akishinda na njaa, akipiga nyundo, na hasira ikanipanda. Samaki mkunje angali mbichi, tuliambiwa. Nami nilikunja karibu nivunje.

Mama mkwe akaninyang'anya mwiko. Hakupaza sauti.

"Mama Numbi, weye unamupiga juu ya nini? Umemutupia maneno tatu mara moja. Huyu mutoto alitoka mbele ya siku yake. Zile siku zenye kubakia, njo sisi tutamupa."

Nilinuna, maana ujana una masikio madogo. Lakini kesho yake nilimpa neno moja tu: maji. Nikamwambia alirudie kwa kinywa chake kabla ya kutoka. Akaleta maji. Ndipo nikampa la pili. Kazi ndogo ilikula asubuhi nzima, na subira yangu ilikuwa fupi. Siku nyingine bado nilimfokea, kisha nikaenda kujuta nyuma ya nyumba.

Haukupita muda, mwalimu wake akaniita shuleni. Mbele ya akina mama wengine akasema Numbi huacha hesabu katikati ili atazame treni dirishani, na hujibu kabla swali halijaisha. Afadhali nimpeleke mashambani, nafasi yake apewe mwenye akili. Wenzangu wakainamisha macho. Sisi wake wa wafanyakazi wa reli tulizoea kuitikia ndiyo. Siku ile sikuitikia.

"Mwalimu, huyu mutoto haiko mujinga," nikasema. "Umuweke mbele, mbali na dirisha. Umupe kazi moja, akimaliza umupe ingine. Miye njo mama yake, na sitamuondoa."

Akacheka, akasema hakusomea kulea watoto wa miezi saba. Nikamjibu kwamba hata mimi sikusomea.

Kesho yake niliketi kizingitini pa darasa nikichambua lengalenga, mboga zangu za jioni, na kesho kutwa, na siku zilizofuata, mpaka akachoka kuniona akahamisha benchi la Numbi. Mwaka ule mtoto alianguka mtihani. Mwalimu akanitazama kana kwamba shauri limekwisha. Mimi nikamwandikisha tena. Mwaka wa pili akapita, nyuma yake wakiwa wawili tu, nami nikapiga vigelegele uani mwa shule kama niliyezaa upya.

Hakugeuka kuwa mtu mwingine. Leo ni fundi wa kushona. Hupima kitambaa mara mbili, hukata kipande kimoja, ndipo hushika kingine, na bado huunguza maharagwe. Wanaovaa nguo zake hawaulizi alizaliwa na miezi mingapi.

Basi lishike neno langu, mwanangu. Mtoto aliyekuja duniani kabla ya siku zake usimpige kwa kuchelewa kuelewa. Mpe jambo moja, alirudie, alimalize, ndipo umpe jingine. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Na mtu akikuambia umwondoe, hata awe mkubwa namna gani, usimwondoe. Usione haya kung'ang'ania. Haya ni ya yule anayemkatia tamaa mtoto wa mwenzake.

Mungu akupe kifua kipana na ulimi mpole. Awatunze walio tumboni na waliotangulia kutoka, na wote uwaone wakikua, kila mmoja kwa siku zake.