Kitako ya Kitunga ya Mama

Ninyi batoto mutakaosoma hii, toeni kwanza ile kamba ya muziki masikioni. Minasema mara moja.

Kwetu, binti hakuwa anaanza kitunga mwenyewe. Mama yake ndiye alimuanzia kitako, yeye binti akapandisha mbavu, ni kusema zile pande za juu. Siku mama ameona umeiva, ndiyo anakufundisha kitako. Mimi vita ilinikuta bado. Mama alikufa njiani tukikimbilia ziwa, nikavuka na kitunga yake kichwani, unga ya muhogo ndani. Tuliporudi kwetu, muji wa Baraka, bamama wenzangu walikuwa sawa na mimi: mbavu tunajua, kitako hakuna anayeijua. Tukawa tunasukia juu ya bidon zilizokatwa, yale madumu ya plastiki. Aibu gani!

Risasi zilipoanza tena kule juu milimani, mujukuu wangu mwanamke akaja na simu.

“Koko, tufungue ile kitunga. Mi nitachukua filamu.”

“Nifungue kitunga ya mama yangu? Uko na wazimu?”

“Na nyumba ikichomwa, utabaki na kitunga ao na majivu?”

Mutoto hana adabu, lakini hakusema uongo.

Nikailoweka kusudi nyuzi zisivunjike, nikaketi chini, nikafungua uzi kwa uzi, mujukuu ameshika simu juu ya mikono yangu. Mbavu zikaisha. Kufika kwenye kitako, nikaacha kuvuta.

“Koko, unalia?”

“Ni moshi.”

“Jiko haijawashwa.”

“Funga kinywa, shika simu.”

Nikavuta. Kitunga ikaisha.

Ndipo akairudisha filamu kinyumenyume. Nikaona mikono yangu inapanga nyuzi mahali pake, kitako ikijifunga toka katikati. Nikachukua nyuzi zile zile, nikafuata. Ya kwanza ikakaa kama kofia ya mulevi. Mujukuu akacheka mpaka akakaa chini. Jioni, moja ikasimama. Nikatia unga, haikuvuja.

Filamu tukamutumia mudogo wangu mwanamke, aliyebaki kambini ng'ambo ya ziwa. Akajibu kwa sauti, bamama wanapiga vigelegele nyuma yake: “Yaya, dada yangu mukubwa, kitako ya mama iko hapa mbele yangu! Nimeianza mimi!” Huku kwetu nayo filamu ikapita simu kwa simu; leo, toka Baraka mpaka Nundu, sioni tena mwanamke anakata bidon. Mimi na ule mutoto ndio tulifanya hivyo, na ninajisifu.

Ile jioni kitako iliposimama, nikaita nyumba yote, banaume pia, nikawaambia: hakuna mutu kufuta hii filamu kusudi apate nafasi ya muziki, na hakuna mutu kugusa ugali leo kabla hajanionyesha kitako aliyoanza mwenyewe.