Aliyemsemea wa Tumboni

Ami yangu alizaliwa kuwasemea wenzake. Barazani alijibu maswali waliyoulizwa wengine. Hospitali alimweleza daktari maumivu ya mkewe, na mkewe kakaa hapo hapo. Kwa hiyo baba alipofariki, miaka michache baada ya Mapinduzi, ami hakungoja kuombwa. Matanga hayajavunjwa, keshajitangaza msemaji wetu.

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilikuwa wakfu wa babu: haiuzwi, wanakaa kizazi chake, waliopo na watakaozaliwa. Ami ndiye aliyekuwa msimamizi. Akazua wazo la kuibadilisha kwa shamba la mkwewe huko Kidichi, eti kwa kuwa nyumba inaporomoka. Kuporomoka ilikuwa inaporomoka kweli, lakini ndimo tulimokuwa tukilala. Jambo lile lilitaka ruhusa ya kadhi, na kadhi alitaka kuwasikia wote wenye haki. Sisi wadogo tungesemewa na ami. Mama alikuwa edani, tena mjamzito, na ami alijua fika kwamba mama hatatoka nje kwenda kubishana naye.

Kumbe kadhi hakai eda. Akaja yeye. Alikaa ukumbini na ami, mama nyuma ya pazia, nami ubavuni mwake nikimpepea.

"Watoto hawa nnawasemea mimi, Sheikh," ami akasema. "Wameridhika. Na huyo alomo tumboni nnamsemea pia."

"Basi na kuzaa akazae yeye," mama akajibu kutoka nyuma ya pazia. "Miguu imenivimba, mie ntashukuru."

Kadhi alicheka mpaka kilemba kikaenda upande. Kisha akamuuliza mama kwa upole, "Na wewe, mwanangu, wasemaje?"

"Wanangu watalala wapi, Sheikh? Juu ya mikarafuu?"

Kadhi akamuuliza ami shamba lile ni la nani. Ami akasifu udongo, akasifu mikarafuu; jina la mkwewe likaja mwisho kabisa. Ruhusa haikutoka, na tangu siku ile mama ndiye aliyetusemea, pamoja na wa tumboni. Ami aliondoka akaiacha kahawa yake.

Mdogo wangu alizaliwa chumba cha juu, chini ya dari lile lile la kudondosha chokaa. Alilia mpaka mkunga akaziba masikio.

"Haya, jisemee mwenyewe," mama akamwambia. "Mie nshachoka."

Kisha na yeye akalia, kilio alichokuwa hajakilia tangu baba afe. Nasi tukalia, kila mtu kwa mdomo wake.