Maharage ya Muyama katika Mji wa Juu

Sisi wa Kasulu tunajiona watu wa milimani. Asubuhi zetu zina baridi, barabara zetu hupanda na kushuka, na mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka pwani hununua sweta yake ya kwanza sokoni kwetu. Kwa hiyo mwaka 2014, nilipopelekwa Addis Ababa kwa mafunzo ya ualimu ya mwaka mmoja, mwinuko haukunitisha. Nilibeba sweta moja na mfuko wa maharage kutoka shamba la mama yangu, kijijini Muyama.

Addis iko juu karibu mara mbili ya Kasulu. Siku ya kwanza nilisimama katikati ya kilima kidogo cha mtaani, moyo ukinienda mbio kana kwamba nimekimbizwa. Mwenzangu wa mafunzo, mwalimu kutoka Kibondo, wilaya jirani yetu, alikuwa ameketi ukingoni mwa mtaro, naye akihema.

"Dada, si mnasema wa Kasulu mmezaliwa mlimani?"

"Na wewe hapo umekaa unafanya nini, kaka?"

"Nawasubiri wa Kasulu."

Ukienda mji wa namna hiyo, usiogope. Kichwa kitauma, usingizi utakatikakatika, kisha mwili utazoea. Tembea polepole, kunywa maji.

Kilichonisumbua zaidi ni chakula. Injera, ule mkate wao mpana na mchachu, tumbo langu lilikuwa bado halijaukubali. Nilihitaji mahali pa kupikia. Vyumba vingi nilivyoonyeshwa vilikuwa juu kilimani, tena bila jiko. Kimoja tu kilikuwa chini, karibu na chuo, nyumbani kwa mama mmoja mjane aliyejifunza Kiingereza kidogo alipokuwa akifua nguo hotelini. Lakini jiko lilikuwa lake peke yake, wapangaji hawakuruhusiwa tena. Wapangaji waliotangulia walikuwa wamemwachia kuta nyeusi za moshi.

"Pika mara moja nione," aliniambia siku niliyoingia na mizigo yangu. "Kisha nitakuambia kama unabaki."

Nikachagua Ijumaa. Siku hiyo, kama ilivyo Jumatano, Wakristo wa Orthodoksi wa huko hufunga, hawali nyama wala maziwa, na mama huyu hakuwa akigusa kitu mpaka saa tisa. Saa zao, kama zetu, huhesabiwa tangu kunapokucha, hivyo saa tisa yao ndiyo saa tisa yetu. Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu. Nikamkaribisha afungue mfungo wake kwa chakula changu.

Maharage mapya ya Muyama hatuyaloweki. Yanayolowekwa kwetu ni yale yaliyokaa sana ghalani. Nyumbani ningetia magadi kidogo, lakini huku sikujua niyaulizie kwa jina gani. Niliyabandika asubuhi. Kufikia mchana maji yalikuwa yakitokota kwa kelele, mkaa ukipungua, na maharage yakigongana sufuriani kama kokoto. Mwenzangu alipita kunijulia hali, akang'ata moja.

"Ya Kasulu haya. Magumu kama wenyewe."

"Ya Kibondo yangekuwa yameiva?"

"Yangekuwa yameshaomba msamaha."

Sababu niliijua, hata darasani nimeifundisha. Kule juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji vya kutosha, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajapata joto lile tulilozoea. Ukichochea moto, yanakauka upesi, lakini joto haliongezeki. Kujua hivyo hakukulainisha hata punje moja.

Saa tisa mama akaingia na shuka yake nyeupe begani. Hakuwa amekula tangu jana yake. Akaminya punje kwa vidole, akanitazama. Nikamweleza habari ya hewa na maji, taratibu, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kosa ni la hewa?"

"La hewa, mama."

"Nami nilidhani ni la mpishi." Akacheka, akajifunga shuka kiunoni. "Binti, siku ya njaa huku hatupiki punje nzima. Tunasaga. Nishushie kile kinu."

Tuliyachuja, tukayaponda kwa zamu. Mimi nilipumzika kuvuta pumzi, yeye hakupumzika. Akakaanga vitunguu kwa pilipili yao nyekundu ya unga, akamimina maharage na maji yake, na baada ya kitambo sufuria ikawa na rojo zito lililoiva. Tulikula jua likizama, kwa injera, maana unga wa ugali sikuwa nao. Pilipili ilificha uchachu. Mwenzangu alirudi, akapewa sahani, akaimaliza bila kuitaja Kibondo.

Nilipoosha sufuria yangu nikaanza kuirudisha chumbani, nilikokuwa nikiiweka chini ya kitanda.

"Unaipeleka wapi?" mama akauliza.

"Chumbani kwangu."

"Sufuria hukaa jikoni." Akanionyesha nafasi kwenye rafu, kando ya zake. "Na yale yaliyobaki mfukoni, loweka ya Jumatano siku moja kabla. Mimi siwezi kushinda njaa nikiingoja hewa."

Jumanne niliyaloweka.