Mirija 1,140 ya Mama Rula

Wewe ukiona neno hesabu gazetini unageuza ukurasa. Ndivyo Mama Rula anavyopotea, na wewe unaangalia pembeni.

Saa mbili asubuhi. Yuko chumba namba tisa cha maabara, miwani imefungwa kwa uzi. Kwenye kompyuta inateleza mirija myembamba kuliko unywele mara elfu. Imo pia ndani ya seli zako, ikisukumwa na mota za protini, vijiinjini vya seli. Anaifuata mmoja mmoja na kuandika ulikofika. Zamani alipima kwa rula ya shule, jina likamganda.

Aliingia hapa kuosha vioo vya hadubini. Amepima miaka sita. Kwenye karatasi za ajira bado ni msafishaji. Wageni wakija, yeye huambiwa ainuke, ashike fagio.

Vipimo vyake humwendea mwanahesabu kijana, anayetunga milinganyo ya kubashiri mwendo wa mirija. Agizo lilikuwa: mrija uliokwama, futa.

"Nilifuta kwenye kompyuta," asema. "Lakini roho haikutulia. Nikaiandika kwenye daftari."

Mirija 1,140.

Mwaka jana milinganyo iligoma. Kwenye hesabu mirija inakwenda, kwenye kioo inasimama. Baada ya miezi minane, Mama Rula akaweka daftari mezani kwa kijana.

"Mama, vipimo hivi umevitoa wapi?" kijana akauliza.

"Kwenye takataka zako, mwanangu."

Akamweleza: "Mrija husimama kabla ya kurudi nyuma. Mota zinavutana. Kama watu wawili wamebeba kabati mlangoni, kila mmoja anavuta kwake."

Kijana akauingiza mvutano huo kwenye mlinganyo. Hesabu ikakaa sawa.

Ripoti inatoka Ijumaa na majina sita. Lake halimo. Mkuu wa maabara anasema wameshukuriwa "wasaidizi wote."

"Mimi si wote," asema Mama Rula.

"Nilimtetea," asema mwanahesabu, macho chini. "Nikaambiwa nisijiharibie."

Hadubini hii ilipofika, miaka kumi na minne iliyopita, gazeti hili lilichapa picha ya watu saba. Niliyeitoa kwenye kasha ni mimi, na sikuwemo. Sijasahau.

Chuo cha ufundi kitampa cheti cha fundi wa maabara akipeleka ripoti yenye jina lake. Ana miaka hamsini na moja. "Nataka nikae kiti hiki," asema, "mgeni aingie, nisiinuke."

Leo Jumatano. Namba ya simu imebandikwa kwenye geti la maabara. Piga sasa, uulize: mirija 1,140 iliyokwama aliipima nani? Usikate simu mpaka wamtaje.